Kisu cha zamani hakihitaji kung'arishwa

Watu wanaoniletea visu vya kukunja vya zamani karibu wote huja na ombi moja: kifanye king'ae kama kipya. Nawaelewa. Kisu kimelala kwenye droo miaka na miaka, bapa limekuwa jeusi, mpini umeshika uchafu wa mikono ya watu wasiojulikana, na mtu anaamini kwamba kukifufua ni kukirudishia mng'ao wa siku kilipotoka kiwandani. Jibu langu huwa lilelile. Nitakifanya kifunguke vizuri, kifungike vizuri na kikate vizuri. Habari ya mng'ao tutaizungumza baadaye. Mara nyingi tukifika hiyo baadaye, mwenyewe haulizi tena.

Naamini kwa dhati kwamba visu vingi vya zamani vimeharibiwa na watu waliovipenda kuliko vilivyoharibiwa na kutu. Kutu hula taratibu, na ukiiwahi inasimama. Lakini mashine yenye gurudumu la kung'arishia inafuta kwa dakika moja maandishi ya mtengenezaji yaliyodumu miaka mia, inaviringisha kona ambazo fundi alizikata kwa makusudi, na ikiipasha feleji joto kupita kiasi inaua ugumu wake. Feleji ya kaboni ya visu hivi ilichomwa moto mkali, ikazimishwa ghafla ili iwe ngumu, kisha ikapashwa tena kwa nyuzi kama 200 za Selsiasi ili isivunjike ovyo. Ukiona makali yanapata rangi ya nyasi kavu ukiwa unasugua kwa mashine, umeshafika nyuzi 220 na ushei. Yakiwa ya buluu umekaribia 300, na hapo hayatashika ukali tena mpaka uondoe sehemu yote iliyoungua. Mbaya zaidi ni pale gurudumu linapokamata ncha ya bapa na kukirusha kisu. Kwangu mashine haigusi bapa la zamani. Ni msasa, mafuta na vidole.

Tukija kwenye kiini cha jambo: kisu cha kukunja ni springi. Nasema hivyo kila mara, na nitaendelea kusema. Bapa unaweza kulikuta kwenye kisu chochote cha jikoni, na mpini pia. Kinachokitofautisha hiki ni ule ufito wa feleji unaolala mgongoni mwa mpini, ukilisukuma shina la bapa, yaani kitako chake kilichomo ndani ya mpini, bila kupumzika, kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Visu vingi vya zamani havina kufuli. Kinacholishikilia bapa lisikuangukie vidoleni ni nguvu ya huo ufito tu, na umbo la shina lilivyochongwa. Ukianza kulifungua bapa, springi inanyanyuka kidogo juu ya mgongo wa mpini, inateleza kwenye kona ya shina, kisha inashuka mahali pake kwa mlio mkavu. Mlio huo ndio ninaousikiliza. Ukiwa mzito na uliofifia, ndani kuna uchafu. Usipokuwepo kabisa, springi imechoka au shina limelika.

Fanya jaribio hili na kisu chochote ulichonacho. Kifunge, pitisha ukucha wa kidole gumba mgongoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha kifungue, upitishe tena. Kwenye kisu kilichotengenezwa na fundi makini, ukucha haukwami popote mara zote mbili, kwa sababu springi imekaa sawasawa na kingo za vibamba vya shaba vilivyoifunika pande zote. Usawa huo ulipatikana kwa tupa, mtu akifungua na kufunga, akipunguza shina kidogo, akijaribu tena. Mwaka 1851 kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ya Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu, ilionyesha kwenye maonyesho makubwa ya London kisu cha mabapa na zana 75, kile kinachoitwa Norfolk. Watu hushangaa ule wingi wa mabapa. Mimi nawaza springi zake tu, na mikono iliyokaa kuzilinganisha.

Kwa hiyo kisu kikifika mezani kwangu, ninaanza na bawaba. Niliwahi kupokea kisu cha Sheffield chenye mabapa mawili na mpini wa pembe nyeusi. Bapa dogo lilifunguka kwa taabu, na kubwa lilikuwa limeganda kabisa. Aliyekuwa nacho alikuwa ameshalijaribu kwa koleo, na alama za meno yake zilionekana karibu na mfuo wa kucha, kile kijifereji cha kulifungulia bapa kwa ukucha, mbili upande mmoja na moja upande wa pili. Koleo lisiguse bapa hata siku moja. Bapa likikataa, halikatai kwa ukaidi. Kutu na mafuta yaliyokauka vimejaza nafasi ambayo hata karatasi haipiti, na ukilazimisha, ama unavunja ncha ya bapa ama unaipasua springi.

Nilichofanya ni kudondoshea bawaba mafuta mepesi yanayopenya, tone baada ya tone, kisu kikiwa kimesimamishwa kwa kichwa juu ya kitambaa. Nikakipasha vuguvugu kwa hewa ya mashine ya kukaushia nywele, kwa uangalifu sana, maana pembe ikipata moto hujipinda na kuachana na bamba lake. Nikakiacha mpaka kesho yake. Kesho yake bapa lilisogea upana wa unywele. Hapo raha ilianza. Unalisogeza unywele mmoja, unalirudisha, unatia tone jingine, na pembeni mwa bawaba linatoka tope jeusi lenye chembe nyekundu. Unafuta. Unarudia. Tope hilo ni kutu, mafuta ya zamani, nyuzi za mifuko ya suruali, na vumbi la kila kitu kilichowahi kukatwa na kisu hicho. Linaloendelea kutoka ndilo linalosaga shina na springi kila mara kisu kinapofunguliwa, na kulitoa kunarefusha maisha ya kisu kuliko kazi nyingine yoyote utakayoifanya. Mafuta yakitoka meusi, endelea. Yakitoka ya kahawia, endelea. Yakitoka masafi ndipo unasuuza kwa mafuta ya taa, unapuliza, unakausha, kisha unatia mafuta safi ya madini yasiyo na harufu, yale yanayoruhusiwa kugusana na chakula. Mafuta ya kupikia usitie. Baada ya muda hugeuka gundi, na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Sehemu ya ndani ya mpini, ile nafasi ambamo bapa hulala, nayo ina tope lake. Kijiti cha kuchokolea meno kinatosha, pamoja na mswaki wa zamani. Chuma kisiingie humo.

Uchafu ukishatoka kwenye shina, maandishi hujitokeza, na hapo kisu kinaanza kukueleza umri wake. Usisugue kwa msasa ili uyasome. Weka tone la mafuta, shika tochi iwe inamulika kutoka pembeni kabisa, tumia lenzi ya kukuzia. Kwenye kile kisu cha pembe, chini ya jina nililoweza kulisoma nusu tu, lilionekana neno ENGLAND. Neno hilo peke yake ni ushahidi mzuri. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingizwa nchini humo ziandikwe nchi zilikotoka, na baada ya hapo Sheffield na Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, zikawa zinagonga jina la nchi kwenye mashina. Kisu kisicho na jina la nchi kinaweza kuwa cha zamani zaidi, ingawa si lazima. Waingereza wenyewe walikuwa wameshatunga sheria ya alama za biashara mwaka 1887, na mafundi wa Sheffield walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele sana, kwa sababu visu vya kutoka Ujerumani vilikuwa vinauzwa vikiwa vimegongwa jina la Sheffield. Ukikuta bapa limeandikwa kwamba halishiki kutu, ujue halikutengenezwa kabla ya Harry Brearley kuipata feleji hiyo humo humo Sheffield mwaka 1913. Na kampuni ya Case ya Marekani iliwarahisishia kazi wote wanaokuja nyuma: kuanzia mwaka 1970 iligonga vitone kumi chini ya jina lake, ikawa inapunguza kimoja kila mwaka. Unahesabu, unapata mwaka.

Haya yote yamo kwenye eneo lisilozidi ukucha wa kidole kidogo. Ukilisugua likang'aa, umekifuta kisu jina.

Kuhusu kutu, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ile nyekundu ni adui. Ina matundu, inashika unyevu, na chini yake chuma kinaendelea kulika. Ule weusi au ukijivu unaokaribia buluu ni tabaka jembamba lililoshikamana na feleji, na kazi yake ni kuikinga. Limetokana na miaka ya kukata matunda, nyama, kamba, chochote chenye majimaji. Mimi naliheshimu mno tabaka hilo. Ninaiondoa nyekundu kwa sufi laini ya chuma iliyoloweshwa mafuta, na pale ilipoganda natumia kipande cha shaba nilichokichonga ncha, kwa sababu shaba ni laini kuliko feleji na haiachi mikwaruzo. Nyeusi naiacha. Yale mashimo madogo yaliyokwisha kuliwa nayaacha pia. Kuyafuta maana yake ni kushusha uso wote wa bapa mpaka chini ya shimo lenye kina kuliko yote, na feleji iliyoondoka hairudi.

Siki inafanya kazi, sikatai. Inakula kutu. Lakini inakula na chuma, na ukikisahau kisu ndani yake utalikuta bapa limefifia kama limepakwa majivu. Springi ndiyo ninayoihofia zaidi: feleji ngumu iliyokaa kwenye asidi inaweza kupoteza uimara wake kwa ndani, na siku utakayoikunja ikakatika hutajua ni kwa nini. Kama ni lazima, tumbukiza bapa lililokwisha kutolewa kwenye mpini, kwa muda mfupi, kisha lioshe, likaushe, litie mafuta papo hapo.

Mipini inataka maelezo marefu kidogo.

Mfupa ndio uliotumika zaidi kwenye visu vya mfukoni vya zamani, mfupa wa ng'ombe, ukachorwa mistari na vijishimo ili ufanane na pembe ya kulungu, kisha ukatiwa rangi. Ukikaa sana hukauka na kupasuka kuanzia kwenye tundu la ribiti, yaani kijiti cha chuma kinachoshikanisha sehemu za kisu. Nausafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, naukausha, naupaka mafuta ya madini kidogo kidogo mpaka ukatae kunywa. Ufa mwembamba naujaza gundi nyepesi na kuuacha uonekane. Ukilazimika kuukata au kuupiga msasa, vaa barakoa nzuri na fanya kazi ukiwa umelowesha. Vumbi la mfupa na la lulumizi (gamba la chaza linalong'aa) si la kuchezea, mapafu hayana msasa wake.

Pembe za ndovu nazikataa zote. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hata kama kisu ni cha zamani kuliko marufuku yenyewe, sitaki mkono wangu uongeze thamani ya kitu hicho.

Halafu kuna seluloidi, plastiki ya mwanzo kabisa, inayotokana na nitroselulosi na kafuri. Ilipendwa kwa sababu ilikubali rangi za kila aina: iliyofanana na gamba la kasa, iliyofanana na lulu, yenye mistari ya peremende, na kwa kweli baadhi ya mipini hiyo ni mizuri kuliko kitu chochote kinachotengenezwa sasa. Lakini inakufa kutoka ndani. Ikianza kuoza inatoa hewa yenye asidi, na hewa hiyo haichagui. Inakula bapa lililolala ndani ya mpini, inageuza shaba kuwa ya kijani, kisha inahamia kwenye visu vilivyo jirani ndani ya sanduku hilohilo. Dalili yake ya mapema ni harufu kali ukifungua sanduku, au kutu iliyoota kwenye bapa pale tu linapofunikwa na mpini huku sehemu nyingine ikiwa safi. Kisu cha namna hiyo kitenge leo. Kiweke peke yake, penye hewa. Na usikipeleke karibu na moto wala kwenye gurudumu la mashine, kwa kuwa seluloidi hushika moto haraka ajabu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni lini kisu kinafaa kufunguliwa chote. Kwa kisu cha zamani, jibu langu ni: ukishindwa kila kitu kingine. Visu hivi havina skrubu. Vimeshikwa kwa ribiti zilizogongwa vichwa vikatanuka, kisha vikasuguliwa vikapotea ndani ya kofia za chuma zilizo kwenye ncha za mpini. Kofia zenyewe mara nyingi ni aloi ya shaba, zinki na nikeli, nyeupe kama fedha lakini isiyo na fedha hata chembe. Kuitoa ribiti ya bawaba ni kuitoboa kwa keekee ndogo, ukiifuata katikati yake kabisa, kisha kuisukuma kwa panchi. Ukipotoka kidogo umeharibu tundu la kofia, na alama yake itaonekana milele.

Bapa linalocheza kushoto na kulia halihitaji upasuaji huo. Lilegalo mara nyingi ni ribiti ya bawaba, na inaweza kukazwa ikiwa mahali pake. Nakata kipande chembamba sana cha shaba kwa umbo la herufi U, nakichomeka kati ya shina na bamba ili kibaki na nafasi, naweka kofia juu ya fuawe ndogo, kisha nagonga kichwa cha ribiti kwa nyundo nyepesi yenye uso ulioviringwa. Kugonga kwenyewe ni kwa uzito wa nyundo tu. Gonga, kijaribu, kigeuze, gonga, kijaribu. Kipande cha shaba kikitolewa, bapa linabaki na upenyo wa kutosha kutembea na halichezi. Ukigonga kwa hasira litakaza, na kulilegeza ni kazi nyingine. Mwisho kofia inapigwa msasa namba 600, halafu 1000, halafu 2000, na ribiti inapotea tena machoni.

Kuna na hili la bapa lililonolewa kwa miongo mpaka likawa jembamba. Kisu kikifungwa, ncha inabaki imechomoza nje ya mpini na inachana mfuko. Chini ya shina kuna kinundu kidogo kinachogusa springi na kulizuia bapa lisizame zaidi. Ukikipunguza kwa tupa laini, mapigo mawili matatu, ncha inazama. Lakini kila unachokipunguza hapo kinayasogeza makali karibu na springi, na yakianza kuigonga kila unapofunga, kisu kitakuwa butu daima. Paka wino makali, funga taratibu, fungua, angalia kama springi imepata doa. Bapa jembamba lenyewe siligusi zaidi. Umbo lile lilichongwa na mkono wa mtu aliyekuwa akikitumia.

Nimesema sana kuhusu kuacha, na sitaki mtu adhani sipendi kubadilisha visu. Napenda mno. Ila nabadilisha vile ambavyo viwanda vinaendelea kuvitoa kwa wingi, ambavyo kimoja kikipotea dunia haijapungukiwa.

Kisu cha Opinel ni mwalimu bora wa anayeanza. Joseph Opinel alikibuni Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na tangu wakati huo umbo lake halijabadilika sana: mpini mmoja wa mti uliopasuliwa mfereji, bapa, ribiti, na pete. Pete ya kufungia bapa iliongezwa mwaka 1955. Hakina springi ya mgongoni, kwa hiyo huna cha kuharibu hapo, msuguano wa mti ndio unaolishika bapa. Udhaifu wake ni unyevu. Mti ukinywa maji huvimba na kulibana bapa. Ninaitoa pete kwa koleo la kutanulia pete, nasukuma ribiti, napanua mfereji kwa msasa uliozungushiwa kipande chembamba cha mbao, kidogo tu. Kisha mpini nauchonga kwa tupa uwe na pande nane, kwa sababu ule wa mviringo huviringika mezani na mkononi hauniambii makali yameelekea wapi. Baada ya hapo nauloweka kwenye mafuta ya kitani, ndani ya mfereji hasa, naupangusa, nauacha ukauke siku kadhaa kabla ya kuurudishia bapa. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Yakikauka hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje mpaka vikakamae.

Kisu cha Uswisi ni shule nyingine. Ubunifu wa Karl Elsener wa mwaka 1897 ulikuwa hasa kwenye springi: ufito mmoja ukahudumia zana za pande zote mbili za kisu. Ndiyo maana kisu chembamba kinabeba vitu vingi. Vibao vyekundu vya plastiki havijaribitiwa, vimebandikwa kwa kukazwa kwenye vichwa vya ribiti, na vinatoka kwa kunyanyuliwa polepole kwa bapa jembamba butu. Ninavyopenda kuweka mahali pake ni vibao vya mpingo. Mti huo ni mzito kiasi kwamba huzama majini, mistari ya nyuzi zake haionekani, na ndio huo huo wanaotengenezea zumari za klarineti. Ugumu wake unaudhi keekee na kuifurahisha msasa: hauhitaji vanishi, ukifika namba 2000 unang'aa wenyewe. Kazi yote iko upande wa nyuma, ambako unatoboa vijishimo vya kupokea vichwa vya ribiti. Kijishimo kikiwa kifupi, kibao hakikai na mwanga unapita pembeni. Kikizidi, umetokea upande wa pili. Mimi hupima kila kichwa cha ribiti peke yake, maana havilingani, na hujaribu kwanza kwenye kibao cha mti laini. Mpingo mzuri ni mti unaokua polepole mno, kwa hiyo natumia mabaki ya vipande vya wachongaji na vya mafundi wa ala za muziki. Kisu kimoja kinahitaji kipande kidogo kuliko kiganja.

Okapi nacho kinafaa kutajwa, kwa kuwa wengi wetu tunakifahamu. Kilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika, na sasa kinatengenezwa Afrika Kusini. Kina ngazi za meno kwenye bawaba, na pete ya kuvuta ili kulifungulia bapa, na mlio wake wa kukatakata unajulikana hata gizani. Wapo wanaokata pete, wanasawazisha meno, wanabadilisha mpini. Mimi nakisafisha, nalainisha kingo za springi yake zinazokwaruza kidole, na ile mipini yenye vipambo vya nyota na mwezi naiacha ilivyo.

Kunoa sitakawia nako. Kinoo laini, mafuta au maji, nyuzi 15 hadi 20 kila upande, mpaka kinyuzi cha chuma kijitokeze upande wa pili kwa urefu wote, ukigeuze, ukimalizie kwa ukanda wa ngozi. Feleji ya zamani ya kaboni si ngumu sana, inakubali kunolewa haraka, na inataka kunolewa mara kwa mara kidogo kidogo.

Kikishakamilika, usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, hata kama ni ala yake ya asili. Dawa zilizotumika kulainishia ngozi hushika unyevu na kuifanya shaba iote kijani na bapa lipate kutu. Kipake mafuta membamba, kifunge kwenye karatasi isiyo na asidi au kitambaa safi cha pamba, na ukifungue mara moja moja kuangalia. Kiwe kimefungwa kabisa. Kisu kilichoachwa nusu wazi kinaiacha springi ikiwa imekunjwa kupita mahali pake pa kupumzikia, na ikikaa hivyo miaka inaweza isirudi kwenye nguvu yake.